Mimi namchagua papa shilingi

Mhariri, mmeuliza wiki hii: kati ya wanyama na vitu vyote vyenye madoa, kipi kinakuvutia zaidi, na kwa nini? Najua chui atapata kura nyingi, na duma naye hatakosa watu wake. Mimi mtu wa Mombasa namchagua papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayepita hapa hapa mbele yetu na wengi wetu hatujawahi kumtia machoni.

Huonekana zaidi msimu wa kaskazi. Mimi nilimwona ubavuni mwa mashua ya ami yangu, nje ya mwamba wa Nyali. Mwanzo nilidhani ni kivuli cha wingu. Kisha madoa yakajitokeza: meupe, ya mviringo, yamejipanga safu safu mgongoni, na kati ya safu mistari hafifu inakatizana kama ubao wa dama. Kichwani madoa ni madogo na yamesongamana. Kuelekea mkiani yanakua na kuachana. Wazee husimulia kwamba Mungu alipendezwa naye mno, akaamuru amwagiwe shilingi za fedha.

Mdomo wake hupita mita moja kwa upana, lakini hamdhuru mtu. Chakula chake ni planktoni (vijiumbe vinavyoelea majini), uduvi na vidagaa anavyochuja majini.

Kinachonishangaza hasa ni kwamba hakuna papa shilingi wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa, na mpangilio huo hukaa naye miaka nenda miaka rudi. Watafiti humpiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kulinganisha picha hizo kwa kompyuta, na hesabu zake zilitoka kwa wanafalaki, waliokuwa wakizitumia kulinganisha picha za nyota. Subhanallah! Papa aliyepigwa picha Diani leo, akitokea Mafia miaka mingi baadaye, atajulikana ni yule yule, bila kushikwa wala kufungwa kifaa chochote.

Twiga na chui nao hutambuliwa kwa madoa yao, sikatai. Ila chui ana mbuga yake. Papa shilingi huvuka bahari kuu kutoka nchi hadi nchi, hunaswa na majarife yaliyotegewa samaki wengine, na hugongwa na meli. Tangu 2016 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ndiyo maana huniuma nikiona boti za matembezi zikimzunguka na vijana wakijirusha kumdandia mapezi. Akisumbuliwa huzama, na mlo wake umekatika.

Manahodha na wavuvi wenzetu ndio wanaokutana naye kuliko mtafiti yeyote, na simu za kamera wanazo mifukoni. Kaeni mbali naye kidogo, zimeni injini, mpigeni picha ule ubavu wa kushoto, mwandike tarehe na mahali. Nawe Mhariri, ukitoa picha yake pamoja na majibu yetu, nakuomba utoe ya ubavu huo huo, ili msomaji ajue pa kuangalia.

Msomaji, Mombasa