Maswali ya Wasomaji: Nyimbo Mbili Zilizoachwa Nje

SWALI: Nataka kupanga upya albamu ya Sgt. Pepper ya The Beatles (1967) kwa kuongeza “Strawberry Fields Forever” na “Penny Lane”. Je, zingeenea kwenye santuri moja? Niziweke wapi?

JIBU: Zingeenea, ila kwa kubanana. Kila upande una takriban dakika 20. “Penny Lane” (dakika 3) ukiingia upande wa kwanza, unafika 23. “Strawberry Fields Forever” (dakika 4) unaufikisha wa pili 24. Upande ukirefuka, mifuo (mistari iliyochongwa ambamo sindano hupita) husogezwa karibu na sauti hukatwa kwa nguvu ndogo. Sauti nayo hukwaruza zaidi sindano inapokaribia kitovu, na hapo ndipo “A Day in the Life” inapovuma kwa nguvu zote. Hasara hiyo si ndogo.

Nyimbo hizo mbili zilitolewa kama singo (santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande) Februari 1967. George Martin, mtayarishaji, alikuja kujutia kuziacha nje.

Usiguse viungo kati ya nyimbo. Nyimbo mbili za kwanza zimeshikamana. Mlio wa kuku mwishoni mwa “Good Morning Good Morning” hugeuka gitaa la marudio ya wimbo wenye jina la albamu, nayo marudio huingia moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Ukichomeka kitu hapo, unasikia mkato.

“Penny Lane” ikae baada ya “Fixing a Hole”. “Strawberry Fields Forever” ifuate kile kicheko kinachofunga “Within You Without You”. Mwisho wake unaofifia kisha kurudi unahitaji sekunde mbili za ukimya. Tumia toleo la mono (sauti ya njia moja) kwa nyimbo zote, au stereo (ya njia mbili) kwa zote, usichanganye.