Mahubiri ya Jumapili, mizani ya Jumatatu (kwa nyie mliookoka juzijuzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Hii naiandika kwa wale mlioingia wokovu karibuni, bado mna moto, mnawahi siti za mbele na daftari mkononi. Mimi nauza mchele Tandale, sio mwalimu wa Biblia, ila kuna kitu kilinichelewesha miaka na sipendi kiwacheleweshe na nyie.

Kiukweli nilipookoka nilikuwa mwandishi mzuri sana. Nina madaftari matatu yamejaa mahubiri, tarehe, andiko, pointi ya kwanza pointi ya pili, mengine nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Na dukani mizani yangu ilikuwa inawahi gramu 50. Yaani ukiniambia nipimie kilo unaondoka na gramu 950, mshale unasoma kilo safi kabisa. Piga hesabu mwenyewe, gunia la kilo 100 linatoa kilo 105 na chenji, hizo 5 ndo nilikuwa naita "riziki ya Mungu". Sikuwahi kujiona mwizi maana soko zima lina ujanja wake, huyu kagonga kopo kitako limebonyea kwa ndani, yule huko shamba ananunua kwa lumbesa, mkulima analipwa gunia moja wakati pale juu kuna kama nusu gunia imeshonewa.

Siku hiyo mchungaji alisoma Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", na mimi nikaandika vizuuuri kwenye daftari, halafu unajua nilichofanya? Nikamgeukia shoga yangu ninayekaa naye kwaya nikamnong'oneza, "hili neno angekuwepo fulani wa duka la kona lingemfaa". Usiku niko kitandani ndo nikajishtukia. Yakobo 1:22 inasema iweni watendaji wa neno wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu, na mimi nilijidanganya kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kwa hiyo somo langu la kwanza kwenu, mahubiri yakianza kukukumbusha jirani, mume, wifi au bosi wako, ujue umeshatoka nje ya ibada. Rudi kwako. Na ukitoka pale mlangoni usibebe pointi sita, utazimwaga zote kabla hujafika stendi ya daladala. Beba moja tu, iwe na jina la mtu au la kitu. "Nimpende jirani" haifanyiki, ni kubwa mno. "Jumatatu asubuhi narekebisha mizani" inafanyika. "Leo jioni namlipa yule kijana" inafanyika.

Huyo kijana nae ni stori. Kuna vijana wanatushushia mizigo pale sokoni, na zamani nilikuwa na kaugonjwa ka kusema "pitia kesho", pesa ninayo kwenye kibubu ila naona haraka ya nini. Siku moja jua linazama kaja mmoja kasimama mlangoni, shati limeloa jasho na vumbi la pumba mpaka kwenye kope, ananidai elfu nne tu. Akasema, "Shikamoo mama, samahani, nilikuwa naulizia ile." Hakuitaja hata hela yenyewe kwa kuona aibu, aibu yangu kaibeba yeye! Wiki hiyo tulikuwa tumesoma Kumbukumbu la Torati 24:15, mpe ujira wake kwa siku yake, wala lisichwe jua juu yake. Sijawahi kuona andiko linasimama mlangoni limevaa kandambili. Tangu siku hiyo pesa ya wabebaji naitenga asubuhi kwenye kopo la peke yake kabla gari halijafika, maana nikisubiri jioni moyo unapata sababu.

Mengine nayapitia haraka. Kusikiliza mahubiri kwenye simu kutwa nzima sio kuyatenda, usijazie neno juu ya neno ambalo hujalifanyia kazi. Kesha ni zuri ila kama umeajiriwa na unasinzia kaunta, bosi wako anahubiriwa injili mbovu. Kusamehe sio kumkopesha tena mtu yule yule aliyekudhulumu, na dada ukipigwa nyumbani usiambiwe samehe ukae kimya, toka uende penye usalama kwanza. Na ukihubiriwa jambo la kuuza kitu au kutoa hela ya kodi ya nyumba, lala nalo kwanza, kalisome mwenyewe, muulize mtu mzima wa imani asiyefaidika na hiyo hela.

Tuje kwenye gharama sasa, maana huku watu huwa hawawaambii. Nilipoiweka mizani sawa ile hela ya kilo 5 ilikatika pale pale, ikabidi nipandishe mia moja kwa kilo. Wateja walikimbia jamani. Unamweleza mtu kwamba hii yangu ni kilo kamili, anakuangalia tu, kwake kilo ni kilo. Miezi kama minne mitano nilikuwa nalia chumbani, mume wangu ananiuliza si ulisema Mungu kakutuma. Baadae mama lishe ndo walianza kurudi, hao wanajua, wakipika wanaona sufuria limejaa tofauti.

Na kuna deni bado. Zakayo kwenye Luka 19:8 alisema aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne, mimi nilipiga magoti nikaomba nifanye hivyo hivyo, halafu nikagundua siwajui. Watu wa kilo moja moja, nusu nusu, wengine wameshahama mtaa. Nilimfuata mchungaji akaniambia anza na unaowakumbuka. Niliowakumbuka ni saba. Sita nimewapelekea mchele na nimewaambia ukweli, mmoja alinicheka, mmoja alinitukana mbele ya wanae, wengine wakapokea tu. Wa saba ni bibi mmoja anapita mbele ya duka langu karibu kila siku na kikapu chake, ananisalimia vizuri, anaenda kununua kwa jirani. Mfuko wake upo chini ya meza, kilo kumi, nimeufunga tangu mwezi uliopita.