Re: Fort Jesus kuna cha watoto?

Dada, umeuliza kama watoto watapata chochote Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa, zaidi ya kuta na mizinga. Watapata, tena sana. Waanzie uani kwenye mifupa ya nyangumi. Wasogelee pingili za uti wa mgongo waone unene wake. Halafu ndani, kwenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Hapo usiwaharakishe hata kidogo! Michoro ya mabaharia Wareno ukutani nayo wataipenda, vyombo vimechorwa na milingoti yake. Nendeni asubuhi, jua la ngomeni kali. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani, ulizia getini wameandaa nini.