Seli T, CD4 na zile pakiti za "seli shina": maswali yenu wiki hii

Maswali ya kinga ya mwili yamejaa, nahisi ni zile video za kansa za Marekani zinazozunguka simu hadi simu. Nimechagua matano. Mi ni mtu wa maabara, wodini sipo, kwa hiyo dozi msiniulize.

Mwanangu aliugua surua akiwa na miaka mitatu, jirani anasema hairudi tena. Kweli? (Mama, Tanga)

Kweli mama, karibu kwa watu wote. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, na ilikuwa haijaonekana kule tangu 1781, daktari wa Denmark anaitwa Peter Panum akakuta watu wameanguka kijiji kwa kijiji, lakini wazee walioiugua ile ya 1781 wako wazima kabisa, miaka 65 imepita na hapo katikati surua hawajaiona hata kwa harufu! Mwili unakumbuka kwa antibodi, yaani protini za kumnasa mdudu zilizo kwenye damu, na kwa seli za kinga zenyewe, seli B zinazotengeneza antibodi na seli T. Seli T ikimtambua mdudu wake inazaana maelfu kwa maelfu, vita ikiisha nyingi zinakufa, wachache wanaobaki ndo za kumbukumbu, nyingine zinazunguka kwenye damu na tezi, nyingine zinahamia moja kwa moja kwenye ngozi na mapafu zinakaa hukohuko mlangoni. Ila wasikudanganye kwamba basi bora mtoto augue kuliko chanjo. Utafiti uliotoka 2019 ulikuta surua inafuta antibodi za magonjwa mengine, kwa watoto wasiochanjwa walipotea kati ya asilimia 11 na 73. Chanjo inafundisha bila kufuta.

Hivi seli T ndo hizo CD4 tunazopimwa kliniki? (Kaka, Mwanza)

Ndo hizo, ila siyo zote. CD4 ni protini iliyokaa juu ya seli T wasaidizi, wale wanaotoa amri, na VVU inapitia hapohapo kuingia. Kuna na CD8, hao ndo wauaji wenyewe. Ukitaka kuona kumbukumbu ya seli T inafanya kazi gani angalia mkanda wa jeshi: tetekuwanga ya utotoni haikuondoka, virusi vyake vimelala kwenye mishipa ya fahamu na seli T zinavilinda visiamke, zikipungua kwa uzee au kwa VVU vinaamka, unapata malengelenge upande mmoja wa mwili na maumivu ya kukutoa machozi. Ndo maana kijana akija na mkanda wa jeshi nesi anamwambia apime, siyo umbea.

CAR-T, ile tiba ya kansa ya kwenye video, ni dawa au upasuaji? Nimeona binti wa Kimarekani amepona kabisa. (Msomaji, Nakuru)

Huyo ni Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa, Philadelphia 2012, alikuwa na miaka 6 na saratani ya damu ilikuwa imemrudia mara mbili. Hamna kisu. Wanachuja seli T zako kwenye damu, wanaziwekea jeni ya mkono wa kushikia alama iliyo juu ya seli za saratani hiyo, inaitwa CD19, wanazizalisha maabara, wanakurudishia kwa dripu. Na kinachobeba jeni hiyo ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na VVU, wamekitoa meno, yaani adui wetu wa miaka yote ndo amegeuzwa punda wa mizigo. Emily alikaribia kufa kwa homa maana seli zilipigana kupita kiasi, akaokolewa na tocilizumab, dawa ya baridi yabisi.

Mi kinachonivutia zaidi ni wanaume wawili waliotibiwa hapohapo 2010. Miaka kumi baadaye seli zao zilikuwa bado zipo kwenye damu zinafanya doria, na nyingi za zilizobaki zilikuwa CD4, wasaidizi, wakati kila mtu alidhani wauaji ndo wataishi. Kwa hiyo ukali wa siku ya kwanza hautoshi, seli ikichoka na kufa baada ya mwezi kansa inaweza kurudi.

Bei? Ilipopitishwa Marekani 2017 ilikuwa dola 475,000. Wahindi walipitisha ya kwao 2023 kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, bado ni pesa ndefu lakini kwa wanaozoea kupeleka mgonjwa India ni habari.

Si watengeneze kwa wingi tu kama panadol? (huyohuyo)

Wanajaribu, ndo kazi ya seli shina, yaani seli changa ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu kwamba seli ya ngozi ukiipa jeni nne inarudi utotoni na inaweza kukua kuwa chochote, akapewa Nobel 2012. 2013 Wajapani wenzake wakachukua seli T iliyoijua VVU, wakairudisha utotoni, wakaikuza tena kuwa seli T: imetoka changa na adui bado inamkumbuka, kwa sababu kumbukumbu hiyo imeandikwa kwenye jeni! Hapo mi nilisimama. Shida ni kwamba seli T husomea kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na maabara inabidi waigize hiyo shule, wahitimu wengine wanatoka nusunusu. Afu seli ya mtu mwingine mwili wako unaikataa, mpaka waifiche alama zake. Majaribio kwa wagonjwa yameshaanza Marekani.

Dada mmoja ananiuzia pakiti za unga wa seli shina, eti unapandisha CD4. Ninunue? (Msomaji, Temeke)

Usinunue. Seli hai haikai kwenye pakiti kabatini, na hata ingekaa tumbo lingeimeng'enya kama nyama ya mchuzi. CD4 inapandishwa na ARV, meza zako kwa wakati. Kama ulishatoa hela na pakiti hujafungua, mrudishie leo.