Riboni ni Kitambaa: Kwa Mnaoanza Kufunga Mafundo ya Mashada

Kila msimu wa harusi unapokaribia tunapokea vijana wapya katika karakana yetu ya maua hapa Kampala, na kila mara nayakuta mezani mafundo yale yale: vitanzi viwili vinang'aa, cha tatu kimegeuza mgongo, na ncha za mikia zimeanza kufumuka kabla shada halijatoka mlangoni. Nawapenda, wadogo zangu, lakini nimechoka kuyafungua na kuyafunga upya usiku. Makosa yenu karibu yote yana chanzo kimoja: mnaichukulia riboni kuwa pambo lililokwisha kukamilika, ilhali ni kitambaa, chenye uso na mgongo, kinachofumuka nyuzi, kinachoungua na kinachokunywa maji.

1. Satini nyingi tunazozileta kutoka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa mjini, zinang'aa upande mmoja tu. Kila mkimaliza kitanzi, ipindueni riboni nusu mzunguko pale pale chini ya kidole gumba, kisha muanze kitanzi cha upande wa pili. Mkono unaobana katikati hauachii mpaka waya umekwisha kukazwa, hata simu ikilia, nazo simu zenu hulia mno.

2. Pimeni kabla ya kulalamika kwamba roli zinaisha haraka. Fundo la vitanzi vinane, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 10, linatumia sentimita 160 kwa vitanzi, 10 hivi kwa kitanzi kidogo cha katikati na 50 kwa mikia miwili, yaani mita 2.2. Roli ya yadi 25 ina karibu mita 22.9, kwa hiyo inatoa mafundo 10 na kipande cha kufungia kadi. Anayepata saba amekata vipande kwa makadirio badala ya kufanyia kazi kwenye roli yenyewe na kuuacha mkasi uje mwisho. Upana nao una kazi yake: namba 40, ya sentimita 7 hivi, inafaa shada kubwa la msiba na gari la maharusi, lakini waridi nyingi za mashamba yetu ya kandokando ya Ziwa Viktoria zina vichwa vidogo, na fundo pana huzifunika kabisa. Kwa hizo tumieni namba 9.

3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu juzi nimemwona mmoja wenu akiichomeka mikia ya riboni nyekundu ndani ya oasis iliyolowa, yaani ile sponji ya kuchomekea maua, na tumbo likanisokota.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilikabidhiwa meza ya wenyeji kwenye kwanjula moja, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, huko Mukono. Niliona riboni ya bei nafuu, nyekundu iliyoiva, nikainunua bila kuijaribu; nikafunga mafundo ambayo hadi leo naamini yalikuwa mazuri, nikayakaza kwenye vijiti na kuvididimiza ndani ya sponji mpaka shingo ya fundo ikalala juu ya maji, mikia ikining'inia nje ya bakuli juu ya vitambaa vyeupe. Tulipamba jioni, tukaenda kulala. Usiku kucha maji yalipanda kwenye nyuzi, yakavuka ukingo wa bakuli na kushuka kwenye mikia tone baada ya tone, yakibeba rangi. Asubuhi vitambaa vilikuwa na michirizi mirefu myekundu, na mabakuli yalikuwa yamepungukiwa maji kiasi cha waridi kuinamisha shingo. Tulivigeuza vitambaa upande wa pili, tukajipa moyo. Kisha ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi, aliyevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, ya rangi ya maziwa, akainama kupokea kikapu, na mshipi wake ukagusa mkia uliokuwa bado umelowa.

Kulipia vitambaa na dobi kuliniuma, lakini jambo ninaloliona aibu zaidi ni kwamba nilimwambia mama mwenye duka kuwa waridi ndizo zilizotoa rangi. Hakubishana nami. Alichukua glasi ya maji ya vuguvugu, akatumbukiza kipande cha riboni yangu, akaiweka mbele yangu na kuendelea kupanga majani. Maji yalikuwa yamegeuka mekundu kabla hajafikia tawi la tatu. Hakuniuliza neno, nami sikuwa na pa kuyaelekeza macho.

Kwa hiyo kila roli mpya yenye rangi kali ionjwe maji kwanza. Acheni sentimita tatu au nne za waya au kijiti kati ya fundo na sponji, na mikia isiguse oasis kamwe, hata ikiwa mteja amesimama kando yenu akihimiza.

4. Poliesta huyeyuka ikipitishwa kando ya mwali, na ncha haifumuki tena. Pamba huungua ikawa jivu, basi jaribuni kipande kidogo kwanza. Satini nyeupe ipitisheni karibu na sehemu ya buluu ya mwali, kwa kuwa ncha ya njano huiachia masizi. Kwa mkia wa mbayuwayu, yaani ncha yenye pembe mbili, kunjeni riboni kwa urefu, kisha mkate mshazari kuanzia kwenye mkunjo mkishuka kuelekea pindo mbili.

5. Mafundo husafiri katika boksi, yakiwa yamepangwa safu moja. Vitanzi vilivyolala huamshwa ukumbini kwa kidole kimoja kutoka ndani, kuanzia vya chini kwenda juu. Atakayeyasonga ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kuyakalia kwenye boda kutoka mjini hadi Ntinda atayaamsha peke yake, nasi wengine tutakuwa tunakunywa chai.