Nani kaondoa menyu ya Power Mode?

*Shikamoo fundi. Nasoma mwaka wa tatu hapa Morogoro, naandika ripoti ya utafiti. Natumia kompyuta mpakato ya mtumba, ThinkPad T480, yenye mfumo wa Ubuntu 22.04. Zamani umeme ukikatika nilikuwa nafungua menyu ya juu kulia, nachagua Power Saver, naendelea na kazi. Wiki mbili sasa menyu hiyo haipo, hata kwenye Settings haionekani. Kabla ya hapo rafiki yangu aliniwekea programu ya TLP ili chaji ikae. Fundi mmoja kaniambia mfumo umeharibika, nifute diski yote. Nifanyeje?*
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usifute kitu. Nakili ripoti kwenye flashi leo hii, maana kazi ya mwaka mzima haikai mahali pamoja, kisha ukae tuitazame mashine.

Jibu umeliandika mwenyewe: TLP. Menyu ya Power Mode haijitegemei. Nyuma yake kuna programu ndogo inayofanya kazi kimyakimya, iitwayo power-profiles-daemon, ambayo GNOME, yaani sehemu ya Ubuntu inayoonyesha madirisha na menyu, inaitumia tangu mwaka 2021. Ikiwepo, menyu unaiona. Ikiondoka, GNOME inaificha menyu yote bila kukwambia neno, na hapo ndipo watu wanapoambiwa wafute diski. Inaniuma sana, kwa sababu wanaopoteza ni wanafunzi kama wewe.

TLP na daemoni hiyo haziwezi kukaa nyumba moja kwa sababu zote zinaandika kwenye mafaili yaleyale ya kerneli, kiini cha mfumo. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uone kwa macho yako:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/energy_performance_preference`

T480 iliyo mezani kwangu, chaja ikiwa imechomekwa na nikiwa nimechagua Balanced, inajibu `balance_performance`. Nikigusa Power Saver nikauliza tena, inajibu `power`. Neno hilo moja ndilo linaloiambia prosesa ikimbie au itambae. Programu mbili zikiligombania, hutajua mashine inamsikiliza nani. Kwa hiyo kifurushi cha TLP kinapoingia kwenye Ubuntu, kile kingine kinatolewa. Na apt, programu inayoweka na kutoa vifurushi, ilisema. Palikuwa na mstari ulioandikwa `The following packages will be REMOVED`, na chini yake jina la daemoni, kisha swali kama muendelee. Mkabonyeza Y.

Irudishe hivi:

`sudo apt install power-profiles-daemon`

Safari hii apt itasema tlp ndiyo inayotolewa. Soma mstari huo mpaka mwisho ndipo ukubali. Kuna maelekezo ya kuweka TLP yanayomtaka mtu aifunge kabisa huduma ya daemoni, na kama rafiki yako aliyafuata, ifungue:

`sudo systemctl unmask power-profiles-daemon`
`sudo systemctl enable --now power-profiles-daemon`

Toka kwenye akaunti yako, uingie tena. Andika `powerprofilesctl`. Utaona majina matatu, na nyota mbele ya lile linalotumika.

TLP ni programu nzuri, naomba nieleweke. Wengi wanaipendea jambo moja, kuweka ukomo wa chaji ili betri isizeeke haraka. Kwenye T480 ukomo huo unauona hata bila TLP, katika faili `/sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`, na kama una betri ya pili, ni BAT1. Ukikuta 80, mimi kwa mwezi huu wa ripoti ningeirudisha 100. Betri iliyojaa siku umeme umekatika ina faida kubwa kwako kuliko betri itakayodumu miaka miwili zaidi.

*Fundi, mimi kwenye Power Mode ninazo chaguo mbili tu, Balanced na Power Saver. Performance sijawahi kuiona. Prosesa ni Ryzen 5 5625U, Ubuntu 22.04, kerneli 5.15.*
Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, kwako daemoni ipo ila haina pa kushika. Andika `powerprofilesctl`. Ukiona neno `placeholder` mbele ya Driver, maana yake haikupata kwenye mashine mlango wowote wa kuongezea kasi. Kerneli 5.15 inaiendesha prosesa yako kwa dereva (programu inayoongoza kifaa) wa zamani, acpi-cpufreq. Uwezo unaoutaka uliingia na kerneli 6.3 ya mwaka 2023, kupitia dereva mpya, amd-pstate. Kupandisha kerneli peke yake hakutoshi, kwani daemoni ya 22.04 nayo ni ya zamani. Hamia Ubuntu 24.04, yenye kerneli 6.8 au mpya zaidi na daemoni 0.21. Ikigoma hata huko, ingia BIOS, mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, utafute CPPC, kipengele kinachouruhusu mfumo kuongoza kasi ya prosesa, uiwashe kama imezimwa.

Na wenye ThinkPad mpya: Performance ikionekana lakini chini yake kuna ujumbe kwamba imesitishwa kwa muda, tazama umekaaje. Mpakato tumeuita hivyo kwa sababu ya kupakatwa, na baadhi ya ThinkPad zina kihisi kinachojua kwamba zimepakatwa, zikapunguza kasi zisikuunguze mapaja. Iweke mezani.