Hiyo fomu ya mkopo wa gari usiisaini kesho

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba fomu ya mkopo iko kwenye droo ya meza yako na kesho unaipeleka kwa afisa utumishi. Usiipeleke. Umeuliza uchukue Toyota IST au Crown, akiba yako uiweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au kwenye hatifungani za serikali, na uwajibu nini wenzako wanaokucheka kwamba una miaka mitatu kazini na bado unagombania daladala. Nimesoma uzi wako mara mbili, na pale ulipoandika "jamaa wameshanipigia hesabu, inalipika" nikaweka simu chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2019.

Mimi hesabu nilipigiwa na mtu tuliyekaa naye ofisi moja miaka minne. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 1,900,000. Ukitoa kodi ya mshahara (PAYE), mfuko wa pensheni, bima ya afya na bodi ya mikopo ya wanafunzi (HESLB) wanaokata asilimia 15, mkononi nilibaki na milioni moja na elfu arobaini hivi. Nilipanga Kimara kwa 200,000 kwa mwezi. Asubuhi basi la mwendokasi hadi Posta kwa 650, jioni 650 nyingine. Nilikuwa na kiwanja Kibamba, upande wa kwenda Mloganzila, nilichokinunua 2014 kwa 2,500,000 za kudunduliza. Kila mwezi niliweka 300,000 pembeni na, ukiacha HESLB, sikudaiwa na mtu hata shilingi.

Lakini kila Ijumaa tukitoka kwenye nyama choma Sinza, swali lilikuwa moja, tena kwa sauti mbele ya wahudumu: "Leo nani anambeba huyu wa Kimara?" Watu wanacheka, wanatoa funguo mfukoni. Nasimama pale nikisubiri nani anihurumie. Usiku wa aina hiyo unarudi nao nyumbani, najua. Sikulaumu hata kidogo kwa kutaka yaishe.

Basi yule mwenzangu akanipigia hesabu. Crown ya kuagiza Japani, akasema, mpaka inafika mlangoni haizidi milioni 15. Kodi haifiki milioni 5, ana mtu bandarini. Nikaenda benki. Kuna ule utaratibu kwamba baada ya makato yote lazima ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi yangu ilikuwa 633,333. Afisa mikopo akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia nisome: milioni 15, miezi 60, rejesho 372,800, ninabaki na 666,600. "Unatosha kabisa," akasema.

Hapo ndipo ninapoomba unisikilize vizuri. Ile theluthi ni ukuta wa mwisho, imewekwa ili mfanyakazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Afisa mikopo anakuonyesha ukuta kana kwamba ni mlango. Yeye ana malengo yake ya mwezi na wewe ni namba ndani ya malengo hayo. Hakuniuliza nakula nini, hakuniuliza mafuta nitaweka kwa pesa ipi. Na zidisha mwenyewe: 372,800 mara 60 ni 22,368,000. Milioni saba na zaidi nililipia haraka tu.

Gari likafika bandarini, na kodi ikatoka 8,900,000. Gari likizidi miaka kumi lina ushuru wa uchakavu, unapanda juu ya ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya hayo yote. Kodi ilizidi bei niliyonunulia gari pamoja na usafirishaji, iliyokuwa 8,400,000. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kiko mtandaoni, bure, ningekifungua kwa dakika tano. Sikukifungua kwa sababu kuna mtu alisema ana mtu. Pamoja na wakala wa forodha, gharama za bandari na usajili, jumla ikafika 18,600,000. Nikapungukiwa milioni tatu na laki sita, na storeji inahesabika kila siku gari linavyolala pale.

Unajua nilifanya nini. Niliuza kiwanja.

Niliuza kwa wiki moja, kwa 5,500,000, kwa bei ya mtu mwenye shida. Mnunuzi aliletwa na huyo huyo mwenzangu, na asilimia kumi ya udalali akaichukua bila kupepesa macho. Laki tano na nusu. Tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja, mnunuzi anazunguka anahesabu bikoni za mipaka, mimi natazama miche miwili ya mwembe aliyoipanda mama yangu aliposhuka kutoka Singida mwaka 2015. Alichimba mashimo mwenyewe kwa jembe la kuazima kwa jirani. Ilikuwa imefika kifuani kwangu. Mnunuzi akauliza kama ni ya asili au imepandikizwa. Nikasema sijui.

Mwaka 2021 Benki Kuu ikauza kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, riba asilimia 15.95. Kiwango cha kuanzia ni milioni moja, mtu wa kawaida anaingia. Kama ningekuwa na milioni tano tu ya kile kiwanja, ningekuwa napokea 398,750 kila baada ya miezi sita hadi mwaka 2046. Hiyo inazidi rejesho langu la mwezi mzima. Na kama ningekiacha kiwanja kikae tu, mwaka jana cha pembeni yake kimeuzwa milioni 19.

Wazee wa Crown msinirushie mawe. Gari ni zuri, linakimbia limetulia, na nililipenda. Lakini kutoka Kimara hadi Posta na kurudi, kwa foleni ile, lilikunywa lita tano kwa siku. Mwaka 2019 zilikuwa elfu kumi na moja hivi kwa siku, kwa mwezi laki mbili na arobaini. Ondoa kodi ya nyumba, nikabakiwa na laki mbili na ishirini za kula, umeme, simu na nyumbani Singida. Mwaka 2022 petroli Dar ikapita 3,000 kwa lita, mwezi Agosti ikagonga 3,410. Nikaliegesha. Kwa miezi kadhaa nilipanga foleni ya mwendokasi Kimara Mwisho, funguo ya Crown mfukoni, rejesho likiendelea kukatwa. Mama akapiga simu kwamba bati za upande wa jikoni zimeng'oka na mvua, anahitaji laki nne. Nikamwambia asubiri mwezi ujao, halafu mwezi ujao tena. Mwenye gari, mkuu.

Na wale wa Sinza? Mwaka uliofuata mmoja alihamia Dodoma, wawili wakaacha kazi. Gari nililolinunua kwa ajili ya macho yao wamelipanda labda mara sita. Nililiuza 2023 kwa milioni 9. Deni nimelimaliza 2024.

Kwa hiyo sikiliza kitu kimoja ninachofuata sasa, na ninakuomba ukifuate hata kama mengine yote utayapuuza: jilipe rejesho kwanza, miezi sita, kabla hujasaini chochote. Umesema rejesho lako litakuwa 390,000. Ongeza mafuta na matengenezo, tuseme 200,000 hata kwa IST. Siku mshahara unapoingia, kabla hujatoka ofisini, 590,000 iende Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Unatuma kwa simu, na ukiihitaji inarudi ndani ya siku chache za kazi. Ishi na kinachobaki kama vile gari liko nje na benki wameshakata. Mwezi ukishindwa kuweka, umepata jibu lako na hujapoteza kitu. Ukiweza yote sita, una 3,540,000 na faida yake, na hapo utaamua ukiwa na pesa mkononi, huna presha ya mtu.

Mimi mwaka jana nilitaka kukopa bodaboda ya biashara. Nilijilipa miezi minne, wa tano nikashindwa. Bodaboda sikuchukua, pesa ipo, na mama ameezekewa upande wote.

Ya wenzako sina maneno ya kukupa. Mimi nilianza tu kuwahi kutoka Ijumaa, na mchango wa harusi nataja kiasi changu mapema kwenye grupu na sirudi kujieleza. IST au Crown watakujibu wengine.

Kesho asubuhi itoe hiyo fomu kwenye droo, irudishe nyumbani. Tarehe 25 nitarudi hapa kukuuliza umeweka ngapi.